Mbuzi Arobaini na Mtihani wa Baleti

Jumanne, 29 Aprili

Mwalimu Wamaitha amesema leo jioni kwamba watoto tisa kati ya ishirini na wawili anaowafundisha baleti bila malipo hapa Kitengela watafanya mtihani Jumamosi, tarehe 14 Juni. Wa kwanza kwenye orodha yake ni Najah Isaak, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja.

Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Sakafu ni ya mbao, imeinuliwa kidogo kutoka kwenye zege ili magoti ya watoto yasiumie. Mbao hizo, viatu na mshahara wa Wamaitha vinalipwa na wakfu mmoja wenye makao Nairobi, ambao humu nitauita Wakfu tu. Sharti lao ni moja: mtoto awe wa familia yenye kipato cha chini. Anayefaulu mtihani hupewa miaka mitano ya mafunzo jijini, na karo ya shule na nauli juu yake. Aliyetimiza miaka kumi na miwili hapokelewi. Najah anatimiza mwezi wa Agosti, kwa hiyo hana mwaka mwingine.

Nilimuuliza Wamaitha kwa nini amemweka wa kwanza. "Wengine wanacheza," akasema. "Huyu anasikia sakafu." Niliandika, kisha nikafuta. Maneno mazuri sana hunitia shaka.

Gazetini nimepewa maneno mia sita. Yanayobaki yatakaa hapa, kwenye daftari la nyumbani.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Nimekwenda nyumbani kwa Isaak, babake Najah, pamoja na mpigapicha. Ni ng'ambo ya korongo, dakika ishirini kwa pikipiki kutoka barabara ya Namanga, kwenye ule udongo mweusi unaoshika tairi hata kwa manyunyu. Nyumba ni ya mabati, vyumba viwili. Nyuma yake kuna zizi la mbuzi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Isaak anafanya biashara ya mifugo.

"Umekuja kuona mtoto ama kuona mbuzi?" Isaak aliniuliza kabla ya salamu kuisha.

"Mtoto."

"Basi mbona huyu wako ameshapanda ua?"

Kweli mpigapicha alikuwa juu ya ua. Najah alikuwa ameshika mti wa juu wa zizi kwa mkono wa kushoto, visigino vimegusana, magoti yanafunguka, anashuka, anapanda. Suruali ndefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma. Mbuzi walikuwa wakicheua nyuma yake. Mpigapicha alipiga picha mfululizo.

Mama yake, Fosiya, alileta chai. Nilimuuliza alichukuliaje jambo la baleti. "Mwalimu alikuja hapa siku ya kwanza," akasema. "Nikamuuliza, suruali ndefu? Akasema sawa. Kitambaa? Sawa. Wanaume huko ndani? Hakuna. Tukamaliza. Haikufika dakika moja, dada."

Sikumuuliza Isaak ana mbuzi wangapi. Kwetu Umaasaini hilo haliulizwi. Marehemu baba akiulizwa idadi ya ng'ombe wake alikuwa anainuka na kuondoka. Mifugo ikihesabiwa kwa sauti, hupungua. Wasomali wa hapa nao nimewaona na tabia hiyo hiyo. Nilishika adabu.

Isaak ni mtu mkavu, mwenye kiburi cha kushiba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Jumapili, 4 Mei

Habari imetoka, ukurasa wa kumi na moja. Picha imechukua nusu ya ukurasa. Mhariri wangu, Mbaluka, amepiga simu kabla ya saa mbili. "Hiyo picha, Soipan. Hata mwenye gazeti ameiulizia."

Chini ya picha imeandikwa: Najah akifanya mazoezi mbele ya mbuzi arobaini wa baba yake. Maneno ni yangu. Idadi niliipata kwa kuwahesabu pichani.

Wasomaji kumi na saba wameandika. Kumi na wanne wanauliza kuhusu kitambaa cha kichwa.

Jumatano, 7 Mei

Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimeshinda kwenye korongo nikifuatilia habari ya kivuko kilichofunikwa. Saa mbili asubuhi maji yalikuwa yamepita alama ya mita moja na nusu kwenye nguzo, na mpaka saa kumi na mbili jioni hayakuwa yameshuka. Hakuna aliyevuka, hata mwenye trekta. Kuzunguka hakuna.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Umeme hakuna.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Tope limekula buti langu la kushoto.

Jumamosi, 17 Mei

Najah ameondolewa kwenye orodha ya mtihani.

Wamaitha alinipigia saa nne asubuhi, sauti ya chini, kama mtu anayeongea akiwa kanisani. Nilipofika, watoto wanane walikuwa kwenye bomba la kushikia, na Najah alikuwa kwenye benchi, viatu miguuni.

"Nimeambiwa nikae," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Barua."

Barua niliisoma ngazini. Inasema kwamba kufuatia ziara ya nyumbani ya tarehe 8 Mei, kaya ya mtoto huyu imebainika kuwa na mbuzi arobaini, ambapo kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni kumi. Tazama kiambatisho. Kiambatisho kilikuwa ukurasa wa kumi na moja wa gazeti langu. Maneno ya chini ya picha yamezungushiwa kalamu nyekundu.

Nilirudi juu nikamuuliza Wamaitha amefanya nini.

"Nimeisoma," akasema.

"Na baada ya kuisoma?"

"Soipan, hizi mbao ni zao. Nikipiga kelele, hawa wengine ishirini na mmoja watafanyia wapi? Huko chini, kwa mabati?"

"Huyu mtoto anatembea saa nzima kuja hapa."

"Najua kuliko wewe. Wewe umekuja mara tatu."

Nilimwambia ni mwoga. Aliendelea kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, na watoto wanane wakashuka na kupanda.

Tarehe niliiona niliposoma barua mara ya tatu, nikiwa nimeshafika nyumbani. Tarehe 8 Mei. Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili. Siku hiyo nilisimama kwenye kivuko saa kumi mfululizo. Hakuna afisa wa Wakfu aliyevuka, kwa sababu hakuna binadamu aliyevuka.

Kuna mtu amedanganya, na ushahidi ninao mimi. Leo nimelala mchana kidogo, nimeamka na hasira ile ile.

Jumapili, 18 Mei

Nilikwenda kwa Isaak nikiwa na uhakika wote wa mtu mwenye haki. Nilimweleza kwamba ile ziara ni ya uongo, kwamba nitawaumbua, kwamba ripoti yao haina mguu wa kusimamia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na mbuzi je?"

"Mbuzi ni wako, lakini hilo halimaanishi..."

"Nani alikuambia ni zangu?"

Alinipeleka zizini. Baadhi ya mbuzi walikuwa na rangi nyekundu mgongoni, wengine buluu, wengine kijani. Mpako mmoja wa brashi kwa kila mmoja, kama wanavyowekewa mbuzi wa wenyewe tofauti wakilishwa pamoja. Rangi hizo zilikuwepo tarehe mosi. Zimo kwenye picha, simuni mwangu, wazi kabisa. Gazetini tuliichapa nyeusi na nyeupe. Lakini mimi nilikuwepo. Mimi, binti wa wafugaji, nilisimama mbele ya alama tatu nikaona mbuzi wa mtu mmoja.

Isaak ni dalali. Anapokea mbuzi kwa watu watatu miezi miwili kabla ya Idd, anawalisha, anawauza, anawapelekea wenyewe haki yao na kubaki na ujira wake. Wa kwake hana hata mmoja.

"Mwenye nyekundu anafikiri buluu na kijani ni zangu," akasema. "Mwenye buluu anafikiri nyekundu na kijani ni zangu. Sijawahi danganya mtu. Hakuna aliyeniuliza. Nani anauliza mtu mbuzi zake?"

"Na wakijua?"

"Wakijua sina kitu, mbuzi yao ikikufa nitalipa na nini? Kesho asubuhi watakuja na magari wachukue zote. Idd iko wiki tatu. Hiyo ndio mwaka yangu yote, mama wa gazeti."

"Nitasahihisha."

"Utaandika aje? Isaak hana kitu? Andika. Halafu ukuje ulishe hawa watoto."

"Isaak," Fosiya aliita kutoka mlangoni.

"Wacha nimwambie. Amekunywa chai yangu."

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka ishirini na sita. Nimewafundisha vijana kwamba kisichoulizwa hakiandikwi. Makosa mengi ya kazi hii hufanywa kwa haraka. Hili nililifanya kwa adabu: sikutaka kumfedhehesha mtu kwa swali, nikamfedhehesha kwa jibu nililojitungia mwenyewe.

Na pale nilipoona kiburi, palikuwa na mtu aliyeniangalia nikiwaangalia mbuzi, akajua nitaandika nini, na hakuwa na namna ya kunizuia.

Jumatatu, 19 Mei

Mbaluka anasema sahihisho ni lazima liwe na ukweli ndani. "Kama mbuzi si wake, ni wa nani?"

"Siwezi kusema bado."

"Basi hilo si sahihisho, ni uvumi."

Yuko sawa. Nimemkatia simu.

Jumatano, 21 Mei

Manyunyu. Nimepita darasani. Najah yuko safu ya nyuma, anafanya mazoezi na wale wanane. Wamaitha hakusema lolote kuhusu hilo, nami sikuuliza.

Alhamisi, 22 Mei

Kajiado mjini, ofisi ya Wakfu. Chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Afisa wa tathmini anaitwa Oscar, kijana nadhifu wa miaka ishirini na tano hivi, mwenyeji wa Siaya.

"Sopa, mama," akasema.

"Epa." Sikupenda kusalimiwa kwa lugha yangu siku hiyo.

Nilimwekea mezani picha ya kivuko ya tarehe 8, saa na tarehe zikiwa pembeni. Aliivuta karibu, akasoma saa.

"Mama, nilikwama," akasema. "Gari ililala kwa tope siku mbili upande huu. Nilikuwa na nyumba kumi na tatu za kufikia, na ripoti inatakikana Ijumaa."

"Ukaandika kwamba ulifika."

"Fomu haina mahali pa kuandika sijafika. Usipojaza hiyo sehemu, haisongi mbele. Inakaa tu hapo."

"Ukajaza kutoka kwa gazeti."

"Ni gazeti, mama. Nilifikiri nyinyi huwa mnahakikisha."

Alisema bila ubaya wowote. Angekuwa amenitukana ningejua la kufanya. Nilikuwa nimesafiri kwenda kumvunja, na sikuwa na pa kumshika pasipokuwa na mkono wangu mwenyewe.

Nilidai ziara mpya. Nilidai iwe Jumatatu, tarehe 9 Juni, baada ya Idd, mbuzi wakiwa wameshauzwa. Sababu sikuitoa. Alisema ataipeleka Nairobi.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imekata. Jibu la Wakfu limekuja: ziara ya pili itafanyika Jumanne, tarehe 3 Juni. Tarehe 9 haiwezekani kwa sababu za kiutaratibu, kwani orodha ya watahiniwa inafungwa tarehe 4. Wananishukuru kwa kuwasaidia kuboresha uwajibikaji.

Kwa hiyo nilichofanikiwa ni hiki: nimeibatilisha ziara ya uongo, na mahali pake nimewaletea ziara ya kweli, siku tatu kabla ya Idd, zizi likiwa limejaa kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka.

Jumatano, 28 Mei

Nyumbani kwa Isaak, Fosiya ametoa shauri. "Siku hiyo tutoe mbuzi zote. Tupeleke kwa kaka yangu Kisaju, jioni tunarudisha. Huyo kijana akute zizi tupu. Si ni ukweli? Si ndio vile tuko?"

Isaak alikataa. "Mbuzi ya watu ivuke lami, kwenda na kurudi? Lori ikigonga mbili, nitasema zilikuwa zinaenda wapi? Nitasema nilikuwa naficha?"

"Na mtoto wako je?"

Isaak alitoka nje. Fosiya alikusanya vikombe kwa kishindo, kimoja kimoja. "Usimuandike vibaya," akaniambia. "Amekasirika kwa sababu nimesema ukweli."

"Siandiki, mama Najah."

"Wewe pia umekasirika."

"Ndiyo."

"Basi kaeni nje wote wawili. Mimi niko na chapati za kupika."

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu mpaka saa tano.

Jumanne, 3 Juni

Oscar alifika saa nne kasorobo, safari hii kwa miguu kutoka kwenye kivuko, amevaa gambuti, tableti ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nilikuwa nimetangulia. Najah alikuwa shuleni.

Jambo ambalo hakuna aliyelipanga ni kwamba Mohamednur naye alikuja. Mohamednur ana duka la nguo Kitengela, na mbuzi wenye rangi nyekundu ni wake. Ndio wengi zaidi. Alikuja kwa pikapu kuwaangalia kabla ya soko. Alisimama kwenye ua akichokonoa meno kwa mswaki wa mti, ameridhika. Na ana kila sababu: mbuzi wake wamenona.

Oscar aliwaamkia wote vizuri. Alikataa chai, akasema hawaruhusiwi. Fosiya hakufurahi. Kisha Oscar akafungua tableti na kuuliza, mbele ya wote, "Mzee, hizi mbuzi ni ngapi?"

Mohamednur alicheka. "Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Siaya."

"Na huko kwenu mnaulizana hivyo?"

"Ni fomu, mzee."

"Fomu imezaliwa wapi?"

Oscar alitabasamu, kisha akaanza kuhesabu mwenyewe, kwa kidole na kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Isaak alitazama upande wa barabara. Fosiya aliingia ndani. Niliona haya kama mtoto, kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nilihesabu, ila nilifanya hivyo nyumbani kwangu, mezani, nikinywa kahawa.

Alifika sitini na tatu. Akaandika.

"Na ni zako, mzee?"

"Oscar," nikasema, "swali hilo muulize ndani."

"Mama, inatakiwa iwe mbele ya shahidi. Si wewe ndio ulisema tufanye kwa njia inayofaa?"

Mohamednur alitoa mswaki mdomoni. Alimgeukia Isaak. Nadhani lilikuwa swali ambalo hajawahi kujiuliza, na sasa alikuwa ameanza.

Isaak hakuharakisha. "Mbuzi iko ndani ya hii zizi ni yangu mpaka Ijumaa," akasema. "Ikikufa, mimi ndio nalipa. Ikiibiwa, mimi ndio natafuta. Andika hivyo."

"Kuna ndiyo na hapana tu, mzee."

"Basi andika yenye unataka."

Oscar alinitazama. Sidhani alikuwa akitafuta ruhusa. Nadhani alikuwa ameelewa kuna kitu, na alitaka mtu amwambie ni kitu gani. Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha, na Mohamednur angepakia mbuzi wake kwenye pikapu kabla ya saa sita. Nilinyamaza.

Oscar aligusa "Ndiyo".

"Umejibu kiume," Mohamednur akamwambia Isaak, akarudisha mswaki mdomoni. Alichosikia kilimtosha.

Nimeandika habari za wizi wa ardhi, za madaraja yaliyolipiwa na hayapo, za watu waliosema uongo huku wameshika Biblia. Leo hakuna aliyedanganya. Isaak alisema kweli, Oscar alijaza alichoambiwa, mimi nilinyamaza kwa sababu nzuri, na mtoto amepoteza nafasi yake.

Jumatano, 4 Juni

Orodha imefungwa. Watahiniwa wanane.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Sikwenda. Fosiya ametuma pilau yenye nyama. Nimeila yote.

Jumatatu, 9 Juni

Isaak amekuja nyumbani kwangu saa mbili asubuhi. Hajawahi kuja. Nilimpa kiti, akabaki amesimama.

"Sasa andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Kwamba hazikuwa zangu. Nyekundu, buluu, kijani, hakuna yangu hata moja. Zimeuzwa, kila mtu amepata haki yake. Sasa naweza kusema."

Nilimwambia orodha ilifungwa Jumatano.

"Nimesikia. Andika."

"Na Idd ijayo? Wakisoma gazetini..."

"Hawatasoma. Jana nimeenda kwao wote watatu. Nimewaambia na mdomo yangu, kabla waambiwe na karatasi."

"Wakasemaje?"

"Mmoja alicheka. Mwingine akasema alijua kitambo, alikuwa ananyamaza tu. Mohamednur hakucheka. Amesema hataniletea tena. Si kwa sababu sina kitu. Amesema ni kwa sababu nilimwacha asimame pale kwa ua akifurahi."

Mbuzi wa Mohamednur ni zaidi ya nusu ya kazi yake.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kabla, siku ile ya Jumanne. Aliniangalia kama mtu anayemweleza mtoto. "Jumanne ningekuwa nacheza na mbuzi ya watu. Sasa nacheza na kazi yangu mwenyewe. Hiyo naweza."

Nilimuuliza pia kama Fosiya ndiye aliyemshauri. Akasema hapana. "Najah aliniuliza, mbuzi zikiisha, barua itabadilika? Nikamwambia barua haijui kama mbuzi zimeisha. Akasema, kwani haina mtu wa kuiambia?"

Akaaga. Langoni aligeuka. "Na usiandike mimi ni maskini. Andika tu si zangu."

Jumanne, 10 Juni

Mbaluka amekubali. Sahihisho litatoka Alhamisi, ukurasa wa pili. Nimeliandika mara sita. Litasomeka hivi: Katika toleo la tarehe 4 Mei, gazeti hili lilisema kwamba mbuzi arobaini waliokuwa pichani ni mali ya Bw. Isaak. Si mali yake. Mwandishi hakumuuliza.

Mbaluka alitaka kuifuta sentensi ya mwisho. "Hatuandiki hivyo, Soipan. Tunasema tunasikitika."

"Sisikitiki. Nimekasirika. Iache."

Ameiacha.

Wakfu nimewapigia. Karani amesema orodha ikifungwa imefungwa. Nikampigia Wamaitha, nikiwa tayari kwa ugomvi wa pili.

"Orodha ina majina manane," akasema, "lakini mtahini alilipiwa watoto tisa. Hiyo nafasi sijampa mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile barua ije."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniita mwoga mbele ya watoto wangu. Nikaona nikuache kwanza umalize."

Amepeleka rufaa Wakfu leo mchana, kwa jina lake na sahihi yake. Anajua mbao ni za nani. Nilimwomba radhi. Alisema ana darasa saa kumi, akakata.

Jumatano, 11 Juni

Katibu wa Wakfu amethibitisha kwa simu saa tisa alasiri kwamba kamati itaisikiliza rufaa Ijumaa, tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi, kwenye ofisi yao ya Kajiado. Oscar ataleta fomu zote mbili. Upande wa mtoto unaruhusiwa shahidi mmoja.

Nimempigia Isaak kumwambia ajiandae.

"Nimeulizwa mbele ya watu mara moja," akasema. "Inatosha. Aende mwenye kosa."

Nimetuma jina langu. Wataniuliza nilijuaje kwamba mbuzi walikuwa wake, nami nitajibu kwamba sikujua. Wataniuliza kwa nini basi niliandika. Nitawaeleza kuhusu adabu, wakinipa nafasi, na kuhusu sehemu ya fomu ambayo haisongi mbele. Ukurasa wa pili wa gazeti la kesho nitakuwa nao mkononi, pamoja na daftari hili, nimekunja ukurasa wa tarehe 8 Mei.

Mtahini anaingia Kitengela Ijumaa jioni. Mtihani unaanza Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi. Nafasi ya tisa iko wazi mpaka saa hiyo.